Aliyehama na Aliyehamishwa

Katika vijiji vilivyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Poli na Akheri hadi Ngarenanyuki, ng'ombe huzaa na mama hujifungua. Mbuzi hufa na mzee hufariki, au huaga dunia, au, tangazo lake likisomwa kanisani siku ya Jumapili, hutwaliwa na Bwana. Na hapana mtoto aliyelelewa vyema, hata kama hajapata kukanyaga darasa, atakayevichanganya vitenzi hivyo mbele ya wafiwa au mbele ya mzazi. Elimu hiyo hutolewa jikoni na kwenye matanga, kwa kukemewa kidogo na kwa kusikiliza sana, na mtu mzima aliyeikosa huonekana mara moja kuwa amekosa malezi, si maneno. Walimu wa fasihi huiita tafsida. Waliotutangulia waliiita adabu tu, wakaona yatosha.

Wako wanaodhani kwamba daraja ya kitenzi hutokana na nasaba yake: kwamba kilichotoka Arabuni ni cha baraza na kilichozaliwa bara ni cha shambani. Waingereza wana hoja ya namna hiyo juu ya lugha yao, nayo ina msingi, kwa kuwa baada ya Wanormani kuitwaa nchi yao mwaka 1066, vitenzi vya mahakama na vya waungwana vilitoka katika Kifaransa na Kilatini, ilhali vya wakulima vilibaki vile vile vya wenyeji, na hata leo mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kununua kwa kitenzi kimoja sokoni na kwa kitenzi kingine katika mkataba. Lakini Kiswahili hakikujengwa hivyo. Kujibu, kufikiri na kusafiri vyote asili yake ni Kiarabu, na muuza ndizi wa Tengeru huvitumia tangu alfajiri bila ya kuhisi kwamba amepanda daraja yoyote. Kunena ni cha Kibantu, nacho kimekaa juu ya kusema. Kurudi na kurejea vyote viwili vimetoka Arabuni, lakini cha kwanza utakisikia ndani ya daladala ya Usa River na cha pili katika taarifa ya mgeni mashuhuri aliyemaliza ziara. Basi daraja haimo katika damu ya neno. Imo katika mambo matatu: anayesema, anayeambiwa, na anayesemwa.

Hilo la tatu, anayesemwa, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naamini kwa dhati kwamba kitenzi cha staha ni haki ya mtu aliyefikwa na jambo, na wala si kinga ya mtu aliyelitenda. Tukisema mzee amefariki, tunamtunza yeye na jamaa zake, na hatumfichi mtu yeyote. Lakini kijana akipigwa hata akafa, kisha ripoti ikaandikwa kwamba kijana huyo alifariki dunia, kitenzi ni kile kile, herufi ni zile zile, ila sasa kinamtumikia aliyepiga. Tofauti hiyo haipatikani katika kamusi, na kwa sababu hiyo ni wajibu wa kila anayeandika kwa ajili ya umma kuipima katika moyo wake kabla hajaandika.

Mji wa Arusha umeshuhudia uzito wa jambo hili kwa namna ambayo ni miji michache sana duniani imeshuhudia. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mwaka 2015, hapa mjini kwetu, katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, palikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Na tarehe 2 Septemba 1998 majaji wake watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walitoa hukumu juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani, baada ya kesi kusikilizwa, kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji waweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Mashtaka ya ubakaji hayakuwamo katika hati ya awali. Yaliongezwa Juni 1997, baada ya mashahidi wanawake kusimama kizimbani na kuyataja yaliyowafika wao na binti zao.

Wanawake wale walisema Kinyarwanda, na hawakutumia kitenzi kimoja. Hukumu yenyewe inavitaja vinne: gusambanya, yaani kumtia mtu katika zinaa, kurungora, kitenzi cha jumla cha mwanamume kumwingilia mwanamke, kisichojali kama mwanamke ameridhia au hakuridhia, kuryamana, kulala pamoja, ambacho Mswahili hukielewa bila ya mkalimani, na gufata ku ngufu, kukamata kwa nguvu, iwe ni kitu chochote kile, na pia kubaka. Vitenzi vyote vinne vilifasiriwa kuwa kubaka. Majaji, walipokuwa wakiandika hukumu, waliwaendea wakalimani wao ili wapate kujua bayana kila kitenzi kina nini ndani yake. Na hata mshtakiwa alipopinga mara moja tafsiri ya maneno ya shahidi mmoja, walilipima neno lile pamoja na yote yaliyosemwa kabla yake na baada yake, wakaridhika kwamba lililosemwa ndilo lililofasiriwa.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Mama aliyesema kulala pamoja hakusema uongo, wala hakupunguza uzito wa jambo. Alisimama mbele ya wanaume asiowajua, mbele ya wageni wa lugha na wa desturi, mbele ya mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya kijiji chake, naye katika vitenzi ambavyo lugha yake ilimpa akachagua kile ambacho angeweza kukitamka na bado akashuka kizimbani akiwa mtu mwenye murua wake. Hiyo ilikuwa haki yake kamili, na hapana wakili wala jaji aliyekuwa na ruhusa ya kumnyang'anya. Lakini kulitaja tendo kwa jina lake, mahakama haikuweza kumwachia yeye mzigo huo, wala haikuweza kujificha nyuma ya haya yake na kuandika kwamba watu fulani walilala pamoja. Ilipasa mama astirike na tendo lisistirike. Na kwa kadiri ya uwezo wa binadamu, siku ile, katika mji huu, hayo mawili yalifanyika pamoja.

Mwaka ule ule wa 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na tangu hapo sheria yetu haina kigugumizi juu ya kitenzi kinachopasa. Magazeti yetu ndiyo yenye kigugumizi. Mara ngapi tumesoma kwamba mwanamume wa makamo anatuhumiwa kumpa mimba mwanafunzi wa miaka 14? Kumpa! Ni kitenzi cha zawadi na cha mkono wa kuume, kimewekwa mahali pa kitenzi ambacho sheria imekwisha kukitaja, kwa kuwa mtoto wa umri huo hana ridhaa ya kutoa. Najua kwamba mwandishi hakukusudia uovu. Alitaka gazeti lisomeke mezani mbele ya watoto. Ila staha ile haikumfikia mtoto. Ilimfikia mwanamume.

Yako mengine katika historia ya mlima huu huu, na kwa yale hatuhitaji kuvuka mpaka. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya Kiingereza ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi hiyo iungane na mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuwa eneo moja lisilokatika, kama alivyopendekeza Jaji Mark Wilson katika ripoti yake ya miaka minne nyuma. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori, na wenyeji wakabaki na vyombo vyao chini ya anga. Katika karatasi za serikali jambo hilo lilikuwa mpango wa ugawaji wa ardhi na uhamishaji wa watu, likiwa na fidia yake na ramani yake. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyezaliwa Bermuda na kufanya kazi Moshi, aliifikisha kesi hiyo New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Na ingawa azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa katika Baraza Kuu, dunia ilipata kusikia kutoka kinywa cha Mmeru mwenyewe kwamba watu walifukuzwa na nyumba zao zikateketezwa. Ubishi wote wa New York ulikuwa juu ya ardhi, nami sidai kwamba ulikuwa juu ya sarufi. Lakini uhamishaji ni tendo lisilo na mtendaji, na kufukuza ni tendo ambalo mara likitamkwa tu kila asikiaye atauliza, nani amemfukuza nani, na kwa haki gani?

Miaka mitano kabla ya moto wa Engare Nanyuki, mwaka 1946, Mwingereza George Orwell, aliyepata kuwa askari polisi wa dola lake huko Burma na kuijua kazi ya dola kwa macho, aliandika makala mashuhuri juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, akionyesha jinsi maneno marefu ya Kilatini yanavyotumiwa kufunika mambo yasiyotetewa kwa maneno mafupi. Na miongoni mwa mifano yake ulikuwamo huu huu, wa wakulima wanaonyang'anywa mashamba yao kisha ikaitwa uhamisho wa watu. Nadhani hakuwa na habari za Mlima Meru, na hakuhitaji kuwa nazo. Ila maradhi aliyoyataja katika Kiingereza yameingia Kiswahili kwa mlango mwingine, kwa kuwa sisi hatufichi kwa neno la kigeni tu. Twaficha kwa kukigeuza kitenzi kiwe jina, kisha twalipa jina hilo kitenzi kisicho na kazi, kama vile kufanyika, au kutekelezwa, au kuendelea.

Mfano wake uko ukutani kwa wote kuona. Pita katika barabara yoyote inayopanuliwa pembezoni mwa mji wetu, utazame kuta za nyumba zilizo karibu na lami: utaona alama ya X kwa rangi nyekundu, na chini yake neno moja, BOMOA. Ni kitenzi kitupu, kifupi, cha amri. Hakina staha hata chembe, lakini mwenye nyumba akikiona hahitaji mtu wa kumweleza. Sasa mwombe akuonyeshe barua aliyoletewa juu ya ukuta ule ule. Mtindo wa barua kama hizo twaujua sote: zoezi la uondoaji wa maendelezo yaliyofanyika ndani ya hifadhi ya barabara linatarajiwa kutekelezwa. Nyumba imekuwa maendelezo, kubomoa kumekuwa zoezi, na anayebomoa ametoweka kabisa katika sentensi. Mimi, nikipewa hiari kati ya ukuta na barua, nautukuza ukuta, ijapokuwa una ukali. Maana ukuta umemwambia mtu kitakachotokea, na barua imempa kazi ya kukitafuta.

Nilipata kusimama katika kibanda kimoja cha kupiga chapa, katika mji mdogo ulio njia ya kwenda Moshi, nikingoja karatasi zangu, na mbele yangu alikuwa mama wa Kimeru wa umri wa shangazi zangu, aliyetaka barua ya kupeleka kwa mtendaji wa kata. Alisema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mlimani lakini kisicho na doa, kwamba jirani amemng'olea sale zake za mpaka na kupanda migomba yake ndani ya kihamba, shamba lake mama la nyumbani. Kijana mpiga chapa, mwenye vidole vyepesi na nia njema, alimwambia, "Sawa, mama, nimekuelewa," akaandika kwamba mlalamikaji anakabiliwa na changamoto ya mwingiliano wa mipaka. Mama hakujua kusoma vizuri, akaomba asomewe. Aliposomewa alinyamaza, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi sina changamoto. Ameng'oa sale." Kijana alifuta, akaandika kung'oa, na nilimwona akikitazama kitenzi kile kwenye kioo kana kwamba anaona haya kukiacha katika barua ya ofisini.

Haya ile ndiyo inayonisikitisha kuliko hila za wakubwa. Kijana yule alifundishwa, shuleni au kazini, kwamba barua ya ofisi haina budi kusema kwa mbali, na kwamba kitenzi kinachoonyesha mkono wa mtu ni kitenzi cha watu wasiosoma. Akafanya kwa uaminifu kile alichofundishwa, na karibu aidhulumu haki ya mama kwa kutaka kumpendezesha. Sale kwa Wameru na kwa Wachaga si majani tu. Ndiyo mpaka, ndiyo ushahidi, na tangu zamani ndiyo pia ishara ya kuombana radhi. Anayeing'oa amefanya tendo ambalo kila mzee wa ukoo atalijua kwa kusikia kitenzi kimoja tu.

Kwa upande wa taarifa za dola, sitakaa sana, kwa kuwa kila msomaji anazo za kwake. Mtu mkubwa akiondolewa kazini, taarifa husema uteuzi wake umetenguliwa, na mtaani husemwa ametumbuliwa. Cha kwanza chamwacha na heshima yake, nacho nakikubali, madhali sababu imeelezwa, na cha pili chamfanya kuwa jipu, nacho sikipendi hata akiwa na makosa. Watuhumiwa hushikiliwa. Mtu aliyepigwa mawe hadi kufa huwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyorusha mawe. Wala vijana wa Ngarenaro na Kijenge, wenye Kiswahili chao cha kutimba na kusepa, wasidhaniwe kuwa wako nje ya jambo hili. Anayesema rafiki yake amedanja naye pia anajisitiri na kifo, kwa kicheko badala ya Kiarabu, na simlaumu, kwa sababu hamwonei mtu.

Kwamba andiko la daraja ya juu laweza kutumia vitenzi vya nyumbani na lisipoteze hadhi yake, ithibati yake iko hapa hapa Arusha. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililojadiliwa na kupitishwa katika mji huu mwishoni mwa Januari na kutangazwa tarehe 5 Februari, lilitumia kuonea, likatumia kunyonya, kitenzi cha mtoto na titi, kwa ajili ya jambo ambalo wanauchumi wa Ulaya walikuwa na majina marefu juu yake. Na wakulima ambao hawakupata kumsikia mwanauchumi hata mmoja walilielewa siku ile ile lilipotangazwa redioni. Ukubali siasa yake au uikatae, huwezi kusema hukujua inasema nini. Na Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba watu wote wahamie vijijini, hakusema kwamba inashauriwa. Alisema ni amri. Amri ile ilileta mateso katika sehemu nyingi za nchi, nami siitetei. Lakini kwa kuwa iliitwa amri, historia yaweza kumuuliza aliyeamuru.

Leo katika mkoa wetu tunao ubishi ulio wazi juu ya jamaa wa Ngorongoro, ambao tangu mwaka 2022 wamekuwa wakipelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali husema wanahama kwa hiari. Wengine, pamoja na baadhi ya wenyeji wenyewe, husema wanahamishwa. Viambishi viwili vilivyoingia katikati ya kitenzi ndivyo vinavyobeba kesi nzima, kwa kuwa anayehama ameamua mwenyewe, na anayehamishwa ameamuliwa na mwingine. Mwandishi mwaminifu hawezi kuchagua kati ya viwili hivyo kwa kufuata ipi ni lugha rasmi zaidi. Yampasa aende, aulize boma kwa boma, na aandike hama kwa aliyehama na hamishwa kwa aliyehamishwa, hata kama katika ukurasa mmoja atalazimika kutumia vyote viwili.

Nitaambiwa kwamba ninataka kuivua lugha yetu nguo, na kuuleta barazani ukali wa sokoni. La hasha. Sitaki mtu asomewe mezani kwamba baba yake amekufa. Nataka aliyemuua baba huyo aandikwe kuwa ameua. Nitaambiwa pia kwamba lugha ya serikali huwa hivyo duniani kote, na kwamba ukimtaja mtendaji katika kila sentensi utawala hautaendeshwa kwa amani. Lakini amani ya mwenye nyumba asiyejua ni nani wa kumkatia rufaa ni amani ya namna gani?

Jambo hili limekuwa na haraka mpya tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zinafasiriwa, na katika Kiingereza cha sheria mambo aghalabu hutendwa bila ya watendaji. Mfasiri akiwa mvivu, ataleta katika Kiswahili uondoaji, utwaaji na usitishwaji, kisha vitapigwa chapa na kukaa humo miaka 50. Akiwa mwangalifu, kila akutanapo na kifungu kisemacho kwamba ardhi ya mtu yaweza kutwaliwa, ataisoma sheria yote mbele na nyuma mpaka ampate anayetwaa, amweke mwanzoni mwa sentensi, na baada ya hapo tu amtafutie yule anayetwaliwa kitenzi chenye staha.